Uso wa Aloisi na Udongo wa Mpakani

Nyie vijana mliorithi kile chumba chetu cha kukandia wagonjwa pale hospitali, mmeniomba niwaelezee nilivyofanya kazi. Shule mimi niliijua ukuta wake tu, nikipita kwenda sokoni, kwa hiyo nasema mimi na anaandika mjukuu wangu Zuhura. Nimemwambia asipunguze kitu. Kaniambia atapunguza. Mkifika mahali hadithi imekonda, mlaumuni yeye.

Mimi nilianza na unga. Kabla ya hospitali nilikuwa nakanda mikate kwenye tanuri moja pale Majengo, na mikono hii ilikuwa na sifa. Nikianza kukanda, theluji ya Kibo inatikisika. Zuhura kaguna. Haya, ilikuwa inatikisika meza. Siku moja akaja mama mmoja wa Kizungu kununua mkate, akasimama dirishani akiitazama mikono yangu mpaka nikaona aibu, nikafikiri nina kidonda. Akasema, "Wewe, kesho kuja hospitali." Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimeshtakiwa.

Yule mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha kukandia. Jina lake lilikuwa refu na lilihitaji meno ambayo mimi sina, basi sisi tulimwita Memsabu Vidole. Siku ya kwanza alinipa bega la kuli wa reli lililokuwa limekakamaa, nikalikanda likalainika, akaitikia kwa kichwa. Siku ya pili akanipa uso. Alikuwa fundi cherehani jirani yangu, ameamka upande mmoja umelala. Nikaushika ule uso nikaupa mkono wa tanuri. Memsabu alinipiga kofi mkononi, pa. "Hii hapana mkate," akasema. "Hii uso."

Mwezi mzima hakuniruhusu kumgusa mtu juu ya shingo. Kila asubuhi alinipa ndizi mbivu moja, ile ya ngozi nyembamba, niikande kwa vidole viwili mpaka saa nne, halafu anaiweka dirishani. Jioni anaitazama. Akiona alama nyeusi hata moja, kesho tena ndizi. Mimi nilizikanda ndizi za mlima mzima, kuanzia Kilema mpaka Machame. Siku ndizi ilipolala bila alama, akanirudisha kwa fundi cherehani.

Basi mlichokikuta pale kilianzia hapo. Uso unaukanda kwenda juu, kutoka kidevuni kuelekea sikioni, kutoka pembe ya mdomo kupanda shavu, kutoka kwenye nyusi kupanda paji. Hata siku moja usikande kwenda chini, maana chini umeshakwenda wenyewe. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kitambaa cha maji moto, taa moja ya joto yenye glopu nyekundu, kioo, mshumaa wa kupuliza, na kile kiwaya kilichozungushiwa uzi, mgonjwa anakitundika sikioni na ncha yake inashika pembe ya mdomo isidondoke. Nilikuwa navitengeneza mwenyewe. Vya kwanza vilifanana na ndoana, na mgonjwa mmoja aliniuliza kama nategea samaki au nategea yeye.

Sasa nifike kwa Aloisi, maana hiyo ndiyo kazi iliyonitoa jasho.

Alikuja asubuhi ya baridi, miaka michache kabla ya vita ya pili, kajifunika blanketi kichwani kama bibi harusi. Nyuma yake mkewe, Mama Filomena, kabeba kikapu cha ndizi. Watu wa Kilema, wakulima wa kahawa, Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili. Mzee mwenyewe alikuwa umri wa baba yangu mdogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," likajibu blanketi.

"Unaumwa wapi?"

"Funga mlango kwanza," akasema mkewe.

Nikafunga. Akalishusha blanketi. Upande wa kulia wote ulikuwa umeporomoka, nyusi, shavu, pembe ya mdomo, na mate yanamtoka hana habari. Jicho la upande huo limekodoka, halifungi, machozi yanatiririka. Nusu ya uso ilikuwa inaniomba msaada na nusu ya pili ilikuwa haipo.

"Imekuanza lini?"

"Jana. Nilikuwa nasukutua, maji yakatoka yenyewe."

Mimi mgonjwa akiogopa namtania, ndiyo dawa yangu. Nikasema, "Mzee, naona nusu moja imekwenda likizo, nyingine imeachiwa kazi zote." Akacheka. Sijawahi kujuta mzaha kama ule. Upande uliokuwa mzima ulivuta uso wote ukaelekea sikioni, mdomo ukawa kama mlango uliong'oka bawaba moja. Mama Filomena akageukia ukutani. Memsabu Vidole alikuwa kasimama pale pembeni, akaniambia polepole, "Wewe hapana chekesha huyu. Kucheka navuta." Alisema kweli. Upande wenye nguvu ukichekacheka, unauburuta ule dhaifu na kuuzoesha vibaya. Tangu siku ile nikafanya kazi bila mzaha. Mimi. Kule Majengo walidhani nimefiwa.

Memsabu alipotoka, ndipo Mama Filomena akaniambia kilichokuwa ndani ya blanketi.

Aloisi alikuwa na kesi ya mpaka na binamu yake, Severini. Vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, vimepakana, migomba kwa migomba, na kati yao kuna mstari wa masale, yale majani marefu tunayoyaona mlimani, yanapandwa mpakani na hayang'olewi. Severini alidai mstari ule marehemu baba yake Aloisi aliusogeza. Wazee walikaa wakachoka. Mwishowe mchili, yaani mkubwa wa mtaa, akasema Aloisi aape. Aloisi akachota udongo chini ya sale, akauweka ulimini, akameza, akasema mstari wote ni wa haki tangu juu mpaka mfereji. Desturi yao, kiapo kinapewa siku sitini. Ukimaliza siku sitini mzima, kihamba ni chako. Ukipatwa na kitu katikati, kiapo kimekukamata, na unamwachia mwenzio ardhi yote uliyoiapia. Na kwenye kihamba kile palikuwa na nyumba yake, kahawa yake, na makaburi ya baba na mama yake.

Mdomo ulipinda siku ya kumi na mbili.

"Mtu amemwona?" nikauliza.

"Mimi tu," akasema Mama Filomena. "Nimewaambia watu anaumwa jino. Lakini mimi namwambia twende kwa mchili tuseme wenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Wewe unaonaje? Utapona huu uso kabla ya siku hiyo?"

Hapa nyamazeni mnisikilize, na wewe Zuhura usipunguze. Mpaka siku ile nilikuwa nimekanda nyuso tatu. Fundi cherehani, alipona kwa wiki sita. Mama mmoja wa Kahe, alipona kwa miezi minne. Na mtoto wa kike wa Shirimatunda, miaka sita, huyo hakupona. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, nyuso tatu. Mimi nikavuta pumzi nikasema, "Mama, nyuso mia zimepita kwenye vidole hivi, na hakuna hata mmoja uliomaliza mwezi."

Nilisema vile kama ninavyosema theluji inatikisika. Lakini Mama Filomena alishusha kikapu chini, akakaa juu ya sakafu, akalia kwa raha. Aloisi akasema, "Basi hatuendi kwa mchili. Nitajificha hapa mjini, nitarudi siku ya sitini, siku ya baraza, nikiwa mzima." Na mimi nikanyamaza.

Nikampeleka kwangu Majengo, maana watu wote wa Kilema waliokuwa mjini walijuana, wangemwona tu. Mke wangu alimtazama mara moja akasema jini kampiga kofi. Aloisi akasema, "Afadhali jini, mama. Jini halidai kihamba." Alikuwa na buni za kahawa arobaini na nane mfukoni, moja kwa kila siku iliyobaki, na kila asubuhi kabla ya chai alitoa moja akaitupa uani. Kuku wa mke wangu walijua saa.

Kazi ilikuwa hivi. Alfajiri namwosha jicho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, maana jicho lisilofunga linakauka, na likikauka unaweza kulipoteza. Hospitali, kitambaa cha moto, taa, halafu vidole viwili kupanda juu, dakika kumi na tano. Halafu kioo. Pandisha nyusi. Funga macho. Puliza mshumaa. Piga mluzi. Upande wa kulia unausaidia kwa kidole, unaukumbusha kazi yake. Anapopumzika anavaa kiwaya. Anakula mtori laini, ile supu ya ndizi, na akinywa anabana pembe ya mdomo kwa dole gumba, jambo nililomfundisha mpaka akawa hamwagi hata tone. Jioni namfunga jicho kwa kitambaa.

Buni zikafika thelathini. Uso kimya. Zikafika ishirini na tano. Kimya. Nilianza kuota mashavu.

Siku moja nimemlaza chini ya kitambaa cha moto, uso wote umefunikwa, pua tu iko nje. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwanamume mrefu, kofia mkononi, matope ya mlimani kwenye viatu.

"Habari za kazi," akasema. "Mimi ni Severini, natoka Kilema. Namtafuta binamu yangu Aloisi. Tunasikia kaja kung'oa jino."

"Nzuri, karibu. Meno ni chumba kile cha mwisho."

"Nimetoka huko. Hawamjui." Akatazama kitandani. "Huyu nani?"

"Mtu wa Kahe," nikasema. "Hasikii."

Mikono ya Aloisi iliyoshika kingo za kitanda ilikuwa imebadilika rangi. Severini hakuondoka. Akavuta kigoda, akakaa, kama mtu aliyetembea toka Kilema, na ndivyo ilivyokuwa. Kitambaa cha moto kinapoa haraka, mnakijua. Kikipoa nilitakiwa nikiondoe.

"Wewe ndiye Rajabu wa hadithi?" akaniuliza. "Wanakusema mpaka kwetu. Niambie moja, nimechoka."

"Leo sina."

"Wewe unakosa hadithi?"

"Na mimi naumwa jino," nikasema.

Akanitazama sana. Halafu akasema, siyo kwa ubaya, "Ukimwona Aloisi mwambie simtakii kifo. Baba yangu alikufa akiniambia ule mstari ulisogezwa. Ningefanyaje? Nimwambie marehemu amesema uongo?" Akasimama, akagusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole, akasema, "Kimepoa hiki. Mgonjwa wako atapata baridi." Akatoka.

Nilipokiondoa, Aloisi alikuwa analia kwa jicho lile lisilofunga na kwa lile lingine pia. "Amejua," akasema. Nikamwambia hajajua. Nilikuwa nimeshazoea kumwambia vitu.

Buni zikabaki ishirini. Asubuhi ile alikaa mbele ya kioo, akajaribu kupandisha nyusi, hakuna kitu, akanigeukia. "Rajabu, katika zile nyuso mia, uko uliochelewa kama huu?"

Mke wangu alikuwa anaweka chai. Nilimtazama yeye kwanza, kama vile atanijibia. Halafu nikasema, "Mzee, siyo mia."

"Ni ngapi?"

"Tatu."

Nikaona nimalize, maana kidonda ukikifungua nusu ni kibaya zaidi. "Mmoja wiki sita, mmoja miezi minne. Mmoja hakupona. Mtoto."

Nilitegemea anipige. Ningekaa nipigwe. Mke wangu aliweka birika chini akaenda uani, na yeye haondoki kwenye maneno matamu kirahisi. Aloisi akashika zile buni mfukoni, nikasikia zinagongana.

"Mke wangu alitaka tuseme tangu siku ya kwanza," akasema. "Kwa neno lako tumejificha. Sasa nikienda nimepinda, nitakuwa nimekamatwa, na tena nitakuwa mwizi aliyejificha."

"Najua, mzee. Nisamehe."

Nje kuku wanasubiri buni yao. Halafu akasema kitu ambacho hakumwambia hata padre wake. "Na mimi nilizidisha. Kiapo kile. Tangu juu mpaka mwisho wa kahawa nimeujua mstari kwa miguu yangu. Lakini ile kona ya chini, kwenye mfereji, masale yakipandwa nilikuwa mtoto mchanga mgongoni. Sijui. Baba aliniambia tu. Mimi nikaapa yote, kwa sababu watu wanatazama, na ukisema hapa naapa na hapa siapi unaonekana mwoga." Akagusa shavu lake. "Ndiyo maana naogopa. Wewe unasema mshipa umelala. Mkeo anasema jini. Mimi nafikiri ni ile kona."

Nikamwambia mtoto wa Shirimatunda hakuwa ameapa. Hakuwa hata na kuku wa kuapia. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuamini, na mimi sikuwa mtu wa kuaminiwa wiki ile.

Tulikwenda hospitali kama kawaida. Nilimwambia Memsabu Vidole yote, ile mia na zile tatu, nikitegemea kurudi kwenye mikate. Alinitazama mpaka nikahesabu vigae vya dari. Akasema, "Kwa mgonjwa wewe nasema unaojua tu. Kama hapana jua, nasema hapana jua." Halafu akaosha mikono, akaja akakaa upande wa pili wa kitanda, akanifundisha upya kwa vidole vyake mwenyewe, siku tatu, bila kuniita jina.

Buni kumi na saba. Aloisi yuko kwenye kioo, nimeweka kidole chini ya jicho lake. Nikasikia kitu. Msifikiri nazidisha. Kilikuwa kidogo kama samaki mdogo anapogusa uzi. "Rudia," nikasema. Akarudia. Kikagusa tena. Nilimwita Memsabu, akaweka kidole chake, akasubiri, akasema, "Ndiyo." Aloisi alitaka kucheka nikamziba mdomo kwa kiganja.

Lakini siku kumi na saba ni chache. Kila siku kilirudi kidogo. Kwanza shavu, halafu nyusi nusu, halafu pembe ya mdomo ikaanza kujishikilia bila waya. Buni ya mwisho ilipotupwa, uso akiwa ametulia ulikuwa umenyooka; ungepita karibu naye usijue. Lakini akifunga macho kwa nguvu, la kulia lilibakiza mstari mweupe. Akisema haraka, mdomo ulichelewa. Na akinywa, bado dole gumba.

Tulipanda Kilema asubuhi na mapema. Memsabu alinipa ruhusa ya siku moja na akanikumbusha kwa kidole kimoja hewani: unaojua tu. Watu walikuwa wamekwisha kukaa penye mpaka, wazee mbele, wanawake pembeni na Mama Filomena kati yao, kajifunga kanga mpaka shingoni. Mchili alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye fimbo. Aloisi akamwamkia, akavua kofia, akavaa tena. Nilisimama nyuma yake hatua mbili.

Severini alikuja na mbege, pombe yao ya ndizi, kwenye kata, ile ya kibuyu iliyokatwa. Akaishika kwa mikono miwili.

"Kaka, karibu toka safari ya jino," akasema. "Kunywa kwanza, ndiyo tuongee."

Watu wote walijua anachokitafuta, na mimi nilijua kwamba alishakijua tangu kile kitambaa cha baridi. Aloisi akaipokea kata. Mkono wa kulia ukapanda polepole, kama mtu anayekuna ndevu, dole gumba likakaa penye pembe. Akanywa. Akanywa mpaka chini. Hakikutoka hata kitone. Akairudisha kata, akafuta midomo.

Wazee wakapumua. Severini akaitazama kata tupu kama imemsaliti. Nilijisemea, imekwisha, ardhi imebaki, twende zetu.

Mchili akagonga fimbo chini. "Siku sitini zimekwisha. Aloisi, nakuuliza kama desturi. Tangu umeze udongo huu, kuna kilichokupata?"

Alikuwa anahitaji neno moja tu. Hapana. Niliona mgongo wake, shati limelowa. Mama Filomena alikuwa anamtazama, hakumkonyeza, hakumzuia.

"Kipo," akasema Aloisi.

Akavua kofia akaitupa chini. Akawageukia watu wote, akafumba macho kwa nguvu. Lile jicho la kulia likabakiza mstari wake mweupe. Wanawake wa pembeni walirudi nyuma. Akayafumbua, akacheka kwa kusudi, mdomo mpana, na uso ukapinda mbele ya Kilema nzima.

"Tazameni vizuri," akasema. "Ugonjwa huu ulinishika siku ya kumi na mbili. Nimejificha kwa huyu, Majengo. Hiyo ni aibu yangu. Na nyingine ni hii. Mstari kutoka juu mpaka mwisho wa kahawa naujua, naurudia kuuapia sasa hivi, leteni udongo. Ile kona ya mfereji siijui. Niliiapia nisiyoijua."

Kelele zikatoka kila upande. Mzee mmoja akasema kiapo kimemkamata, hakuna la kuzungumza, atoke kwenye kihamba. Mchili akanyanyua fimbo mpaka wakatulia, akaninyooshea mimi.

"Wewe wa hospitali. Ugonjwa huu unawashika wanaoapa?"

"Nimeuona kwa watu wanne, mzee, na huyu ndiye wa nne. Watatu hawakuapa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka sita."

"Wote wanapona?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa mia. Nikaumeza kama udongo. "Yule mtoto hakupona. Huyu naona atapona. Lini, sijui."

"Na wewe ulimpa dawa gani?"

"Maji ya moto na vidole viwili."

Mchili akamwita Aloisi karibu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Akamwambia apandishe nyusi. Ya kulia ikapanda nusu. Akasema arudie. Ikapanda. Mzee yule akaushuka ule mstari kwa macho mpaka kwenye mfereji.

"Mimi nimeviona viapo," akasema mwishowe. "Kiapo kikimshika mtu hakilegezi. Kinaanza kidogo kinamaliza. Huu umeanza mwingi na unapungua. Kiapo hakirudi nyuma. Lakini mtu kasema mwenyewe kona haijui, basi kona haimo katika kiapo chake. Severini, wewe unaijua?"

Severini akaitazama ile kona. "Naijua kwa baba," akasema.

"Naye aliijua kwa baba. Baba wote wawili wamelala. Wewe uliidai, yeye ameiacha. Chukua kona. Kahawa iliyomo ni yako. Huku juu usiguse tena, wewe wala watoto wako."

Ilikuwa na mibuni kumi na mmoja, kona ile, mizuri, imeanza kuweka matunda. Mama Filomena alikuwa ndiye aliyeipanda. Nilimwona akiihesabu kwa macho, halafu akainama akaiokota kofia ya mumewe, akaipangusa. Aloisi mwenyewe alikwenda akakata chipukizi la sale kwenye mstari wake wa juu, akashuka nalo mpaka kwenye kona, akachimba kwa mikono, akalipanda penye mpaka mpya. Severini alisimama hapo akamsaidia kuushindilia udongo kwa mguu.

Uso ule ulikamilika mwaka uliofuata, baada ya mavuno, isipokuwa jicho la kulia lilikuwa linajifinya kidogo kila akitafuna. Nawaambia hivyo ili mkimpata wa namna hiyo msimwahidi zaidi. Ningependa kusema jicho lilifunga palepale barazani, mbele ya mchili. Halikufunga.

Ilipokwisha kupandwa sale, mbege ikazunguka kwa wote. Kata ikamfikia tena Aloisi. Nikaona mkono wa kulia unaanza kupanda kwenye ndevu, halafu ukashuka, ukabaki pembeni. Akanywa hivyohivyo. Mbege ikatoka pembe ya mdomo, ikatiririka kidevuni, ikalowesha shati lote la kanisani. Severini akaichukua kata mkononi mwake, akaijaza tena, akampa.